Kabla ya Kumjengea Mama Nyumba Mpya, Tazama Njia Yake ya Chooni

Katika miaka ambayo nimefanya kazi ya ujenzi Mbeya na wilaya zinazoizunguka, nimeitwa mara nyingi na watoto wanaoishi Dar es Salaam, Dodoma au nje ya nchi ambao wanataka kuwajengea wazazi wao nyumba kijijini. Huja na mchoro waliouona kwa mtu mwingine, nao karibu siku zote ni ule ule: msingi mrefu, ngazi pana mbele, baraza lenye nguzo mbili, marumaru zinazong'aa kuanzia sebuleni hadi bafuni, na paa lenye mikunjo mingi. Ninawaheshimu kwa nia yao, kwa kuwa si kila mtoto anayekumbuka alikotoka. Lakini nimewaona wazee wengi mno wakiendelea kulala katika jiko la zamani huku nyumba mpya imefungwa kufuli ikisubiri wageni wa Krismasi, na siku hizi kila anayenipigia simu ninamwambia wazi: kabla hatujazungumzia matofali, nieleze mama anafikaje chooni usiku.

Msingi mrefu una sababu zake, nami sitaki kuwasingizia mafundi wenzangu. Ardhi ya Nyanda za Juu Kusini ni ya miinuko. Viwanja vya Tukuyu vimekaa kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, mitaa ya juu ya Mbeya mjini inapanda kuelekea Mlima Loleza, na Iringa mjini watu wa Gangilonga wamejenga katikati ya miamba. Katika maeneo ya Tukuyu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na maji yanayodondoka kutoka kwenye bati huruka na kuupiga ukuta hadi matofali ya kuchoma yaanze kumomonyoka. Kuinua nyumba katika mazingira hayo ni akili. Tatizo ni kwamba kila sentimita inayoyakinga matofali inamgharimu mwenye goti bovu: msingi wa sentimita 60 ni ngazi nne, na ngazi nne zisizo na kitu cha kushikilia zinatosha kabisa kumfanya mtu wa miaka 78 abaki pale alipo.

Bibi mmoja wa upande wa Rungwe ndiye aliyenifungua macho kuhusu jambo hili. Mwanawe aliniomba nikakague nyumba aliyokuwa amemjengea mama yake, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba mama halali humo, naye alidhani labda paa linavuja au kuna unyevu. Nilimkuta bibi jikoni, katika kile kijumba cha nyuma, ameketi kwenye kigoda karibu na mafiga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, vuta kigoda."

Nilimwuliza kama nyumba ina kasoro. Akacheka. "Nyumba ni nzuri, na mwanangu namwambia ndaga, asante, kila akipiga simu. Lakini ile sakafu ina maji hata ikiwa kavu. Na pale katikati hakuna kitu. Humu nikinyoosha mkono nashika ukuta, nikigeuka nashika nguzo, nikiinama nashika kigoda. Kule nikiachia mlango, nimeachia."

Maneno hayo yana elimu ya ujenzi ambayo sikuipata chuoni. Jiko lile lilikuwa na upana wa hatua chache tu, sakafu ya udongo iliyokandamizwa isiyoteleza, na kila alipogeuka alikuwa na mahali pa kushika. Sebule mpya ilikuwa na upana wa kupendeza, na upana huo ndio uliomtisha, kwa sababu kutoka mlango wa chumba chake hadi mlango wa kutokea nje alipaswa kuvuka eneo tupu lenye marumaru laini, bila kitu chochote cha kuegemea. Tangu siku ile ninaipima nyumba ya mzee au ya mtu mwenye ulemavu kwa swali moja: je, kutoka kitandani hadi chooni, hadi kwenye moto na hadi pale anapoota jua asubuhi, kuna mahali ambapo mkono wake unabaki hauna kitu cha kushika? Palipo na pengo ndipo pa kuanzia kazi.

Kwa hiyo sianzi na futi ya kupimia. Ninamwomba mwenye nyumba anionyeshe siku yake, tangu anapoamka. Ninatembea nyuma yake bila kumshika, ninatazama anasimama wapi kupumzika, anashika nini, anageukia upande gani. Watoto mara nyingi hutaka kujibu kwa niaba yake, nami huwaomba radhi na kuwapa kazi nyingine, kama vile kutafuta ufunguo wa stoo. Ukuta wenyewe husema mengi kuliko watoto. Ukichunguza plasta ya nyumba aliyokaa mzee kwa muda mrefu utaona alama nyeusi za viganja, zimerudiwa mahali pale pale kando ya mlango, kwenye kona ya ukumbi na juu ya kitanda. Alama hizo ndizo mchoro wangu. Pale kiganja kimeacha weusi ndipo kishikio kinapotakiwa, na kwa kimo hicho hicho, si kwa kimo kilichoandikwa katika kitabu.

Choo kinastahili kuzungumziwa kwa kirefu, kwa kuwa ndicho kinachoamua kama mtu anajitegemea au la. Katika nyumba nyingi za vijijini kwetu choo ni cha shimo, kimejengwa mbali na nyumba, tena upande wa chini wa kiwanja, jambo ambalo ni sahihi kiafya lakini lina maana kwamba mzee huteremka akiwa na haja na kupanda akiwa amechoka. Usiku, katika mvua ya Aprili, njia hiyo ni tope. Wazee wengi hawasemi jinsi wanavyolimaliza tatizo hili, lakini ukiuliza kwa heshima utaambiwa: wanaacha kunywa maji kuanzia alasiri. Mwingine hunywa maji pale tu mjukuu anaporudi kutoka shule, kwa kuwa ndiye wa kumshika mkono. Mtu mwenye presha au kisukari anayejinyima maji ili asimsumbue mjukuu anadhoofika kwa sababu ya njia mbovu, na hakuna dawa ya hospitali inayotengeneza njia.

Ikiwezekana, choo kisogezwe au kiunganishwe na nyumba. Isipowezekana kwa sasa, itengenezwe njia. Njia nzuri ni ya zege lenye upana wa mita moja na zaidi kidogo, lililokwaruzwa kwa ufagio mgumu kabla halijakauka ili nyayo zishike, na lililoinamishwa kidogo upande mmoja ili maji yasituame. Kamwe isipigwe niru, yaani saruji laini inayosuguliwa hadi ing'ae. Niru inampendeza fundi kwa sababu inaonyesha ustadi wa mkono wake, lakini ikipata umande inakuwa hatari kuliko tope. Pembeni mwa njia zisimamishwe nguzo za mlingoti (mkaratusi) zilizopakwa oili chafu upande wa kuingia ardhini, na juu yake upitishwe mti uliolainishwa vizuri kwa randa, katika kimo cha kati ya sentimita 85 na 95, au kimo cha kifundo cha mkono wa mwenyewe akiwa amesimama na kuunyoosha mkono chini.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hulisahau. Mtu aliyepata kiharusi ana upande mmoja wenye nguvu. Ukimwekea kishikio upande wa kulia wakati wa kwenda, akirudi kishikio hicho hicho kiko kushoto, upande ambao mkono haufanyi kazi. Kwa mtu huyo vishikio ni pande zote mbili au ni kazi bure.

Ndani ya choo, kuchuchumaa ndilo tatizo la kwanza. Mtu ambaye magoti yake hayakunji anahitaji kukaa, na si lazima kwa hilo kununua sinki la kukalia na kuvuta maji ya bomba. Sanduku la mbao za paina, lenye tundu juu na lisilo na kitako, huwekwa juu ya tundu la choo cha shimo na kuondolewa pale wengine wa nyumbani wanapotaka kuchuchumaa kama walivyozoea. Lipakwe rangi ya mafuta ndani na nje, kwa kuwa mbao tupu hunywa mkojo na harufu haitoki tena. Kimo cha kukalia kwa watu wengi ni kati ya sentimita 45 na 48, lakini kipimo sahihi ni nyayo zote mbili kugusa sakafu na nyonga kuwa juu kidogo ya magoti. Sipendekezi kile kiti cha plastiki kilichokatwa tundu, ambacho nimekiona katika nyumba nyingi, isipokuwa miguu yake iwe imezuiliwa isitembee. Sakafu ikilowa miguu ile hutanuka na mtu huenda nayo. Wanaotaka kujenga kiti cha zege moja kwa moja juu ya shimo wakague kwanza kwamba mfuniko wa shimo ni wa zege lenye nondo. Kama ni magogo yaliyofunikwa udongo, uzito huo usiongezwe.

Kisha vishikio vya kuinukia. Kimoja cha mlalo kando ya kiti, sentimita 20 hadi 25 juu ya mahali pa kukalia, na kingine cha wima mbele kidogo, ili mtu ajisukume kwa cha kwanza na kujivuta kwa cha pili. Bomba la chuma la inchi moja linatosha, kwani kwa nje unene wake ni kama milimita 34, na kiganja cha mzee hulizunguka vizuri. Bomba nene zaidi ya milimita 40 halishikiki kwa vidole vyenye baridi yabisi. Katika baridi ya Juni na Julai chuma kitupu huuma, basi lizungushiwe vipande vya mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, vilivyokazwa barabara visije vikazunguka mkononi.

Ugumu uko katika kulifunga. Nyumba nyingi za zamani huku kwetu zimejengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, na ukifunga kishikio kwa skrubu na plagi za plastiki katika ukuta kama huo, kitashika vizuri siku zote isipokuwa siku ile mzee atakapoteleza na kukivuta kwa uzito wake wote. Kuna njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza ni boliti inayopita ukuta mzima na kukazwa kwenye bamba la chuma upande wa nje. Ya pili ni kuuacha ukuta kabisa na kuchomelea bomba liwe na miguu yake, kisha miguu hiyo ifukiwe katika zege la sakafu. Nikimaliza, zege likishakomaa, ninaning'inia mwenyewe kwenye kishikio kwa uzito wangu wote mbele ya mwenye nyumba. Wanafamilia hucheka, lakini mzee hacheki. Yeye anaangalia ukuta.

Mlango wa choo ufungukie nje. Mtu akianguka ndani na mlango ukawa unafungukia ndani, mwili wake ndio unaouzuia, na waokoaji watalazimika kuuvunja mlango juu yake. Komeo liwe la aina inayoweza kufunguliwa na kisu kutoka nje. Kwa wale ambao hata njia nzuri ni ndefu mno usiku, kiti chenye tundu na ndoo yenye mfuniko chini yake, kikiwekwa kando ya kitanda, si aibu hata kidogo.

Sasa nirudi kwenye zile ngazi za mbele. Watoto wengi wakisikia habari za kiti mwendo huniambia, "Fundi, tuwekee mteremko," nao huonyesha kwa mkono kipande cha mita mbili hivi. Hesabu yake haikubali. Kanuni inayotumika sana ni kupanda kimo kimoja kwa kila urefu wa kumi na mbili, kwa maana kwamba msingi wa sentimita 60 unahitaji mteremko wa mita 7.2, bila kuhesabu uwanda wa juu na wa chini ambako kiti hugeukia, ambao kila mmoja unahitaji takriban mita moja na nusu kwa mita moja na nusu. Mteremko mfupi kuliko huo unampindua anayejisukuma mwenyewe, na unamchosha hata anayemsukuma. Ukingoni pawe na kizuizi cha zege cha sentimita 10 ili gurudumu lisitoke, na uso wake ukwaruzwe kama ile njia ya chooni.

Mita saba katika kiwanja tambarare cha Ipogolo, Iringa, zinapatikana. Katika kiwanja cha mlimani hazipatikani, na hapo ndipo kiwanja chenyewe kinapotoa jibu. Nyumba iliyojengwa kwenye mteremko ina msingi mrefu upande wa chini na msingi mfupi upande wa juu, mara nyingine karibu sawa na ardhi. Sisi huweka mlango mkuu upande wa chini kwa sababu ndiko barabara iliko na ndiko wageni wanakotokea. Lakini ukifungua mlango upande wa juu, au ukilipanua dirisha la chumba cha mzee likawa mlango, msingi wa sentimita 60 unageuka kuwa wa sentimita 15, na mteremko wa mita mbili tu unamaliza kazi. Linta, yaani boriti ya juu ya dirisha, kwa kawaida ipo tayari. Kinachobomolewa ni matofali ya chini ya dirisha tu. Ni kazi ndogo kwa fundi, nayo ni nafuu kuliko zege la mbele. Pingamizi pekee ninalokutana nalo ni la heshima, kwamba mzazi ataonekana anapitia mlango wa nyuma. Ninajibu kwamba mlango anaoutumia baba ndio mlango mkuu, na kama inasumbua, tupande maua huko na tuhamishie baraza.

Si kila mtu anahitaji mteremko, hata hivyo. Anayetembea kwa mkongojo na ambaye kifundo cha mguu hakikunji vizuri hupata shida zaidi kwenye mteremko kuliko kwenye ngazi fupi. Kwake yeye ninajenga ngazi za kimo cha sentimita 12 hadi 15, zenye kina cha kutosha mguu mzima na mkongojo pamoja, na vishikio pande zote mbili vinavyoendelea hata baada ya ngazi ya mwisho, kwa kuwa ngazi ya mwisho ndiyo inayoangusha.

Milango ya ndani nitaisema kwa haraka. Kiti mwendo kinahitaji uwazi wa sentimita 80, na 90 ni bora. Mlango wa futi mbili na nusu, ukitoa fremu na unene wa mlango wenyewe, hauachi nafasi hiyo, na mlango wa bafu wa futi mbili hauruhusu hata mtu mwenye magongo mawili kupita bila kugeuka ubavu. Kama hakuna fedha ya kupanua, ondoa mlango wa chumba na uweke pazia zito. Vizingiti vyote ving'olewe. Makochi laini yaliyozama, ambayo watoto hupenda kuyanunua soko la Mwanjelwa kama zawadi, ni adui: mzee akikaa humo hainuki bila kuvutwa. Kiti kigumu cha mbao chenye mikono, cha kimo sawa na kile cha chooni, kina thamani kubwa zaidi, na kitanda kilicho chini mno kinaweza kuinuliwa kwa vipande vya gogo vilivyochimbwa tundu ili miguu ya kitanda izame ndani. Matofali yaliyopangwa tu chini ya miguu yanateleza, kwa hiyo siyakubali.

Jikoni kuna mambo mawili, kupika na kuota moto, nayo hayatenganishwi katika nchi yetu ya baridi. Mbeya mjini iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Makete katika miezi ya Juni na Julai hupata hata sakitu, yaani umande ulioganda. Ukimhamishia mzee kwenye nyumba mpya isiyo na moto, atauhamisha moto mwenyewe: ataingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni ambayo haina harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Kumkataza tu hakusaidii kama hujampa joto lingine. Mimi ninasisitiza dari lipigwe chumbani hata kama sebule itakosa, kwa kuwa bati tupu humwaga baridi usiku kucha. Ninaacha matundu ya hewa ya kudumu juu ya ukuta. Na ninawashauri wanunue chupa ya mpira ya maji ya moto pamoja na blanketi la pili kabla ya kununua televisheni. Kama anapenda kukaa na moto jioni, basi jiko liunganishwe na nyumba kwa ukumbi mfupi ulioezekwa, lenye bomba la kutolea moshi na mahali pa kuketi.

Kwa kupika, mafiga yainuliwe. Jukwaa la matofali la kimo cha sentimita 40 hivi humwezesha mtu kupika ameketi kwenye kiti badala ya kuinama, na pembeni yake pawe na sehemu bapa ya kuteremshia sufuria bila kuibeba. Anayetumia kiti mwendo anahitaji meza iliyo wazi chini, yenye nafasi ya sentimita 70 ya magoti. Maji nayo yapunguzwe uzito: ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na hakuna mzee anayepaswa kuinyanyua. Pipa lenye koki, lililowekwa juu ya jukwaa ili koki iwe usawa wa kiuno, pamoja na vindoo vya lita tano, hutatua jambo hilo kwa siku moja ya kazi. Koki iwe ya mkono mrefu unaosukumwa, si ya kuzungusha kwa vidole.

Kwa asiyeona vizuri, iwe ni kwa mtoto wa jicho, kwa kisukari au kwa ualbino, rangi husaidia kuliko watu wanavyofikiri. Mstari mweupe wa rangi ya mafuta kwenye ukingo wa kila ngazi, kishikio kilichopakwa rangi tofauti na ukuta, na taa ndogo ya sola njiani kwenda chooni vinagharimu kidogo sana. Kwa asiyeona kabisa, ule mti wa kushika njiani ndio taa yake. Jambo la msingi ni kwamba wageni wasihamishe vitu. Nimewasikia watu wasioona wakilalamikia ndugu wanaokuja kusaidia usafi kuliko wanavyolalamikia ngazi.

Sheria zetu zimeligusa suala hili, ingawa kwa mbali. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao ibara yake ya 19 inazungumzia haki ya kuishi kwa kujitegemea na kuwa sehemu ya jamii, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Sera ya Taifa ya Wazee ilitolewa mwaka 2003. Lakini nyumba ya mtu binafsi kijijini hakuna mkaguzi anayekuja kuipima, na kwa hiyo wajibu unabaki kwa familia na kwa fundi waliyemwita.

Katika vikao vya familia huulizwa kwa nini mzee asihamie tu mjini kwa mmoja wa watoto. Wapo wanaohama na wakafurahi. Wengi ninaokutana nao hawataki, kwa kuwa huku wana migomba yao, kanisa lao, makaburi ya watu wao na majirani wanaowasalimu kwa lugha yao. Kujitegemea kwao hakuna maana ya kuishi peke yao. Mjukuu yupo na jirani yupo. Maana yake ni kwamba mjukuu akienda shule, bibi anaweza kwenda haja, kujipikia uji na kutoka kuota jua bila kumsubiri. Na kwa mtu mwenye ulemavu ambaye bado ni kijana, nyumba lazima ifikirie pia kazi. Neema Crafts, kituo kilichoanzishwa Iringa mjini mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kimekuwa kikiwaajiri watu wenye ulemavu katika ufumaji, ushonaji na hata mgahawa, na anayewaona pale hawezi tena kujenga chumba cha mlemavu chenye kitanda tu. Ninapomtengenezea kijana njia ya kutoka, ninauliza kama cherehani au genge lake linaweza kukaa mwisho wa njia hiyo.

Kuhusu fedha, ushauri wangu ni kufanya kwa awamu na kwa mpangilio ufuatao: choo na njia yake kwanza, mlango wa kutokea pili, joto la chumba tatu, na yote mengine baadaye. Marumaru ziwe za mwisho, na zikinunuliwa ziwe zile zenye uso mkavu, ambazo zinapatikana dukani kama utaziulizia. Asiulizwe muuzaji zipi zinapendeza. Mwaga maji kidogo juu ya kigae, vua kiatu, kisha usimame juu yake.

Mwisho, kazi hii haiishi, kama ilivyo kwa nyumba yoyote. Katika maeneo ya mvua nyingi zege la njia huota uoto wa kijani ambao huteleza kama niru, na usiposuguliwa kwa brashi ngumu njia nzima inakuwa mtego. Miti ya kushikilia huliwa na mchwa pale inapogusa ardhi, na boliti hulegea. Ninapokabidhi kazi ninaomba jina la mtu mmoja wa nyumbani, si la mtoto aliyelipa kutoka mbali, atakayesugua zege, kutikisa kila nguzo na kukaza kila boliti kabla ya mvua za Novemba na tena zinapopungua mwezi Mei, na spana ya boliti hizo ninamwachia yeye.